Mwanafunzi Kwenye Kongamano la Taaluma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kisumu, Nakuru na Magharibi

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa vyuo vya Kisumu, Nakuru, Kakamega, Eldoret na miji ya karibu ambao wamekubaliwa kuwasilisha kwenye kongamano, au wanatamani tu kuhudhuria. Maswali yanaanzia kabla ya safari na kuishia baada ya kurudi. Ukiwa na haraka, soma lile la ratiba na lile la barua pepe. Hayo mawili ndiyo humtenga anayerudi na watu wa kuwaandikia na anayerudi na mfuko uliojaa kalamu za bure.

Niko mwaka wa pili na sina utafiti wowote. Niende kufanya nini?

Kusikiliza na kuuliza. Mwaka wa pili na wa tatu ni wakati mzuri kwa sababu bado hujafunga mada ya mradi wako wala hujatuma maombi ya atachimenti. Asubuhi moja ukumbini hukuonyesha ni maswali gani yanayowasumbua wanataaluma wenyewe sasa hivi, na hayo huchelewa sana kufika kwenye noti za darasani. Wa mwaka wa kwanza asubiri kidogo, ila kama kongamano liko chuoni kwake na mlango ni bure.

Makongamano yenyewe nitayapata wapi?

Anzia karibu. Maseno, Masinde Muliro kule Kakamega, Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo, Egerton kule Njoro, Kabarak na Moi huandaa makongamano yao, na mwanafunzi wa chuo mwenyeji mara nyingi hulipa kidogo kuliko mgeni. Kisha tazama vyama vya taaluma yako: wahandisi wana IEK, wahasibu wana ICPAK, madaktari wana KMA, na watu wa Kiswahili wana CHAKITA, ambacho hupenda kufanyia makongamano yake vyuoni. Uliza kama chama kina uanachama wa wanafunzi. Ukishaingia, matangazo yatakufikia mapema badala ya kuyasikia baada ya tarehe ya mwisho ya kutuma ikisiri, yaani muhtasari mfupi wa utafiti wako, kupita.

Wala usidhani makubwa yote hufanyika Nairobi na Mombasa. Kisumu iliandaa Africities mwezi wa Mei 2022, mkutano wa miji na serikali za mitaa za bara zima.

Nimetumiwa mwaliko wa kongamano nisilolijua. Nitajuaje si walaghai?

Angalia mambo haya. Mada inagusa kila fani: uhandisi, uuguzi, teolojia na kilimo, vyote chini ya paa moja. Ikisiri yako imekubaliwa siku uliyoituma, bila neno la mhakiki. Ukumbi "utatangazwa baadaye". Ada inatakiwa kwa dola, au kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Jina linafanana na la kongamano maarufu lakini limeongezwa neno moja. Dalili moja peke yake inaweza kuwa uzembe tu wa waandalizi. Zikifika tatu, usilipe.

Njia ya uhakika ni kuchagua jina moja kwenye kamati ya kongamano na kumwandikia mtu huyo kupitia barua pepe iliyo kwenye tovuti ya chuo chake, si ile iliyo kwenye mwaliko. Wapo maprofesa waliowekwa kwenye kamati ambazo hawajawahi kuzisikia.

Ada ni kubwa. Nawezaje kuipunguza?

Makongamano mengi yana bei ya mapema, bei ya kawaida na bei ya mlangoni, na zaidi ya hizo bei ya mwanafunzi ambayo hutakiwi kuikisia: iulize. Tuma nakala ya kitambulisho cha chuo ambacho hakijaisha muda. Uliza pia kama unaweza kulipia siku moja tu. Kongamano la siku tatu huwa na siku moja iliyobeba mada zako nyingi, na mwanafunzi akiipata hiyo hajakosa mengi.

Njia tunayoipendekeza kuliko zote ni kujitolea. Waandalizi huhitaji watu wa kusajili wageni, kuelekeza watu kumbini na kunukuu vikao. Andika wiki sita au nane kabla, useme wazi siku ulizo nazo na kazi unayoiweza. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua kunukuu. Anayekaa mlangoni hugawa beji asubuhi nzima na kukosa hotuba. Mnukuzi huketi mbele, humsikiliza kila mzungumzaji, na baada ya kikao ana haki kamili ya kumwendea na kusema, "Daktari, mimi ndiye ninayeandika ripoti ya kikao hiki. Naomba kuhakikisha takwimu yako ya mwisho." Mazungumzo yameshaanza, na hukulazimika kutafuta kisingizio.

Ukinukuu, usijaribu kuandika kila neno. Kwa kila wasilisho andika jina la mzungumzaji, hoja yake kuu kwa sentensi mbili, takwimu aliyoitegemea, swali lililoulizwa na jibu lililotolewa. Ukurasa mmoja kwa kikao unatosha. Ukabidhi jioni ile ile, kwa sababu kamati huandika maazimio usiku wa kuamkia siku ya mwisho, na ripoti inayofika kesho yake hakuna wa kuisoma.

Nilipe vipi ili pesa zisipotee?

Tumia nambari ya malipo iliyo kwenye tovuti rasmi, si iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp. Kwenye nafasi ya akaunti andika kile walichokuagiza hasa: nambari ya usajili, au jina kama lilivyo kwenye fomu. Kosa linalorudiwa kila mwaka ni mwanafunzi kulipiwa na mjomba, akaunti ikaandikwa jina la mjomba, na mweka hazina akabaki na pesa zisizo na mwenyewe. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa. Ule msimbo wa herufi na tarakimu kumi ndio utakaokutetea mlangoni ikiwa jina lako halimo kwenye orodha.

Ikisiri nzuri inaandikwaje?

Kikomo huwa maneno 250 au 300. Gawa hivi: sentensi mbili za tatizo, moja ya lengo, mbili au tatu za mbinu, nne za matokeo, moja ya maana yake. Wanafunzi wengi hugeuza mizani hii, wakatumia nusu ya ikisiri kueleza umuhimu wa kilimo nchini Kenya kisha wakamaliza kwa "matokeo yatajadiliwa". Mhakiki akisoma maneno hayo anaelewa kwamba matokeo hayapo. Ikiwa kweli hayajakamilika, taja uliyo nayo: sampuli ngapi, kutoka wapi, na zinaelekea kuonyesha nini.

Msimamizi wako aisome kabla hujaituma, na mkubaliane ni majina ya nani yatakayoandikwa na kwa mpangilio gani. Ugomvi wa majina ukizuka baada ya kitabu cha ikisiri kuchapishwa hautulizwi.

Naruhusiwa kuwasilisha data ya mradi wangu wa chuo?

Kama ulihoji watu, ulichukua sampuli kwa wagonjwa au ulitumia faili za hospitali, unahitaji idhini ya kamati ya maadili na kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, na nambari zake ziandikwe kwenye bango au slaidi ya mbinu. Picha za wagonjwa, majina, nambari za simu na hata jina la kijiji kidogo chenye mgonjwa mmoja viondoe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haimsamehi mtu kwa sababu ni mwanafunzi.

Kama ulichobuni ni kifaa au dawa unayotaka kuilinda kwa hataza (patent), zungumza na chuo chako au KIPI, taasisi inayosajili hataza nchini, kabla ya kusimama mbele ya watu. Hataza hudai upya, na wasilisho la hadharani ni kutangaza.

Bango nilitengenezeje, na nilichapishe wapi?

Uliza waandalizi mambo mawili kwanza: ukubwa, na kama ubao umesimama wima au umelala. A0 ni milimita 841 kwa 1,189; A1 ni 594 kwa 841. Bango la A0 lililolazwa likipelekwa kwenye ubao wa wima hujitokeza pande zote mbili na kumfunika jirani.

Weka ukubwa kwenye programu kabla hujaandika neno lolote. Kwenye PowerPoint andika sentimita 84.1 kwa 118.9 katika ukubwa wa slaidi. Ukianza na slaidi ya kawaida kisha ukaitanua mwishoni, picha zitavutika na mistari ya jedwali itahama. Kichwa kiwe pointi 85 au zaidi, vichwa vidogo 40 hadi 50, na maelezo yasishuke chini ya 24. Maneno yote yasizidi 500. Nusu ya bango iwe picha, grafu na nafasi tupu.

Kipimo rahisi: chapisha bango zima kwenye karatasi ya A4 pale saiba. A4 ni robo ya A0 kwa urefu na kwa upana, kwa hivyo maandishi ya pointi 24 yatatoka kama pointi 6. Ukiweza kuisoma karatasi hiyo mkononi bila kukunja macho, bango litasomeka kwa mtu aliyesimama mita moja na nusu. Usipoweza, punguza maneno. Usipunguze herufi.

Picha ulizopiga kwa simu usizitume kwa WhatsApp kama picha, kwa sababu huzibana na zikikuzwa hutoka na miraba. Zitume kama hati, au uzihamishe kwa waya. Ubora wa nukta 150 kwa inchi katika ukubwa wa mwisho unatosha. Faili ya kuchapishwa iwe PDF, na fonti zifungwe ndani yake.

Wanaochapisha mabango ya matangazo na kampeni ndio hao hao watakaokuchapishia, na utawapata katikati ya mji wowote wa eneo hili. Chagua kati ya karatasi nzito na kitambaa cha bana. Karatasi hutoa rangi safi lakini hupasuka kwenye pini na huharibika ikinyeshewa. Bana haiogopi mvua, hukunjika bila alama na huweza kutumika tena ukirudi chuoni. Kwa anayesafiri na matatu mwezi wa Aprili, tunasema bana. Rangi zikitoka tofauti na ulivyoziona kwenye kioo usishtuke: mashine ya wino haiwezi kutoa kijani na bluu kali za skrini. Omba kipande cha majaribio cha ukubwa wa kiganja kabla hawajachapisha lote, na upeleke kazi siku tatu mapema. Stima ikipotea siku ya mwisho hakuna wa kumlaumu.

Kulibeba: nunua hadwea kipande cha paipu ya plastiki ya inchi tatu, kikatwe sentimita 90, na uzibe ncha kwa karatasi ya nailoni na mpira. Paipu hiyo haiogopi buti la matatu. Kwenye mfuko weka pini, gundi ya pande mbili, mkasi mdogo na nakala 20 za bango zilizochapishwa A4. Zile A4 ndizo watakazoondoka nazo watu.

Nimepewa dakika 15. Niandae slaidi ngapi?

Dakika 15 kwenye ratiba ni dakika 12 za kuongea na 3 za maswali. Slaidi 10 zinatosha, na moja kati ya hizo ni ya kichwa. Ukiisoma kazi yako kwa sauti na ikapita maneno 1,500, imezidi. Jizoeze mara mbili mbele ya watu, ukiwa umesimama, na simu ikihesabu.

Mwenyekiti wa kikao atakuonyesha kadi ya dakika tano, kisha mbili. Panga mapema ni slaidi gani utaziruka ukionyeshwa mbili ukiwa bado kwenye mbinu. Wengi huongeza kasi, wakaishia kusoma matokeo kama mtangazaji wa mpira. Ni heri kuruka mapitio ya maandishi kuliko kuruka matokeo.

Hifadhi kazi kwenye flashi diski, kwenye barua pepe yako na kwenye simu. Beba PDF pamoja na faili asilia, kwa sababu kompyuta ya ukumbini ikikosa fonti yako mistari hupangika upya. Fika chai ya asubuhi na uifungue kwenye kompyuta yenyewe. Kama utatumia laptopu yako, uliza ikiwa projekta ni ya HDMI au ni ile ya zamani ya VGA. Video iliyowekwa ndani ya slaidi hugoma mara nyingi kuliko inavyocheza. Weka picha tatu tuli badala yake.

Safari, malazi na mavazi: nipange vipi?

Kutoka Kisumu hadi Nakuru ni takriban kilomita 180 kupitia Ahero, Kericho na Mau Summit. Msongamano ukitokea, hasa wa malori, safari inaweza kula nusu siku. Kwa hivyo usisafiri asubuhi ya kuwasilisha. Nauli hupanda Ijumaa, sikukuu na shule zikifunguliwa au kufungwa. Hesabu pia boda za kila siku kati ya malazi na ukumbi, kwani hizo ndizo zinazosahauliwa kwenye bajeti. Kama ukumbi ni Egerton Njoro au Maseno, kumbuka kila kimoja kiko kama kilomita 25 kutoka mjini, na chumba cha bei nafuu katikati ya Nakuru au Kisumu kinaweza kuwa ghali kikishajumlishwa na nauli. Uliza hosteli za chuo mwenyeji, hasa kongamano likiangukia likizo.

Kisumu ni joto, na suti nzito itakuaibisha kabla ya saa nne. Shati safi la mikono mirefu au gauni jepesi la heshima vinatosha, na koti liwe mkononi kwa ajili ya kumbi zenye kiyoyozi. Nakuru iko juu zaidi ya mita 1,800, na asubuhi zake hutaka sweta. Viatu viwe vile ulivyovizoea.

Ratiba ina vikao vinne kwa wakati mmoja. Nichague vipi?

Hapa ndipo kongamano hupatikana au kupotea. Ratiba hutoka siku chache kabla. Tenga saa mbili, uichapishe, na ufanye kazi na kalamu.

Kwanza usitazame mada. Tazama majina. Weka alama kwa watu watano au sita ambao kazi zao umezisoma, wanaofanya kazi mahali unapotamani kwenda, au wanaotumia mbinu unayoihangaikia. Kama kongamano liko Kisumu, tazama wanaotoka kituo cha KEMRI (utafiti wa tiba) cha Kisian, KALRO (utafiti wa kilimo) cha Kibos au taasisi ya utafiti wa samaki. Likiwa Nakuru, kuna watu wa KALRO Njoro na wa mvuke wa ardhini kule Menengai na Olkaria. Hao wanaishi na kufanya kazi karibu nawe; mgeni maarufu kutoka ng'ambo atapanda ndege kesho.

Kisha kwa kila mmoja soma ikisiri yake na uandike swali moja ambalo ikisiri haikulijibu. Swali liwe dogo: kwa nini alitumia sampuli za msimu wa kiangazi tu, mashine ile hupatikana wapi, walipataje ruhusa ya kaunti. Maswali sita yaliyoandikwa kwenye daftari ndiyo mtaji wako wa siku zote tatu.

Baada ya hapo ndipo upange vikao, na uache mapengo. Kukaa vikaoni toka saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni huonekana bidii, lakini kufikia saa nane mchana hakuna kinachoingia. Ruka kikao kimoja kila siku na ukitumie kupitia mabango, kwa sababu mwenye bango amesimama pale akiomba aulizwe, na wengi ni wanafunzi wa uzamili walio mbele yako kwa miaka miwili tu. Ushauri wao kuhusu ufadhili na wasimamizi huwa wa kweli kuliko wa profesa.

Kuhama ukumbi katikati ya kikao kunaruhusiwa. Keti karibu na mlango, utoke wakati wa makofi.

Namwendea vipi mtu mkubwa bila kuonekana ninamsumbua?

Usimfuate jukwaani mara tu anapomaliza. Hapo amezungukwa, na mwenyekiti anamsukuma atoke. Msubiri kwenye chai ya saa nne au chakula cha mchana, wakati ameshika kikombe na anamtafuta mtu wa kuzungumza naye. Maprofesa nao hawajuani wote.

Msalimu kwa cheo chake: Profesa, Daktari, Mhandisi, Wakili. Kisha jina lako, chuo, mwaka, na swali:

"Habari za asubuhi, Daktari. Naitwa Akinyi, niko mwaka wa nne Maseno, afya ya umma. Umesema vyandarua vilichanika mapema zaidi katika nyumba za ufuoni. Mliweza kutenganisha uchakavu wa kawaida na kutumiwa kuanikia dagaa?"

Hakuna sifa ndefu na hakuna ombi la kazi. Akijibu kwa uchangamfu, endelea. Akitazama pembeni mara mbili, shukuru na uombe anwani yake ya barua pepe. Dakika tatu zinatosha. Punde mkiachana, andika kwenye daftari jina lake, mlichozungumza na alichokuahidi, kwani jioni utakuwa umewachanganya watu wanne.

Makongamano mengi huendeshwa kwa Kiingereza, lakini kwenye chai watu hurudi kwenye lugha zao. Fuata lugha atakayoanza nayo yeye.

Naogopa kuuliza swali mbele ya ukumbi mzima.

Liandike, kisha ulisome. Simama, taja jina na chuo, uliza swali moja lisilozidi nusu dakika, keti. Wanaochosha ukumbi ni wale wanaoanza na "sina swali, nina maoni", na hao kwa kawaida si wanafunzi.

Vibanda vya kampuni vina faida gani mbali na kalamu na kofia?

Vina watu wanaojua utaratibu wa ndani wa atachimenti. Epuka asubuhi ya kwanza, pamejaa. Nenda alasiri ya siku ya pili, wakati aliye kibandani amechoka kukaa peke yake. Uliza maswali matatu: nani hupokea maombi ya atachimenti, hufunguliwa mwezi gani, na huwa wanahitaji hati zipi zaidi ya barua ya chuo na bima. Usimwachie wasifu wako wa karatasi kumi mtu wa mauzo, kwa kuwa utabaki kwenye kisanduku cha vipeperushi. Omba jina na anwani ya ofisi inayohusika, umtumie PDF ya kurasa mbili.

Je, nahitaji pointi za CPD?

La. Hizo ni pointi za mafunzo endelevu ya wanataaluma waliosajiliwa na bodi zao, na hazitawekwa akiba hadi uhitimu. Saini orodha ya mahudhurio tu, kwa sababu cheti chako kitatoka hapo.

Mtu amenitaka tuzungumzie nafasi ya kazi chumbani kwake hotelini.

Usiende. Sema unapendelea ukumbi wa mapokezi au mgahawa, na uje na mwenzako. Mwenye nafasi ya kweli hatakasirika. Akisisitiza, mjulishe mwandalizi au mhadhiri uliyesafiri naye siku hiyo hiyo, na uhifadhi ujumbe aliokutumia. Hili huwapata wasichana kwa wavulana.

Nimerudi na anwani tisa. Sasa?

Andika ndani ya saa 48. Baada ya wiki moja jina lako limeshafifia. Andikia kila mtu peke yake. Barua moja iliyotumwa kwa watu tisa hujulikana mara moja na hujibiwa na sifuri. Usitumie WhatsApp kwa mtu mkubwa isipokuwa yeye ndiye aliyekupa nambari kwa ajili hiyo. Barua yenyewe iwe fupi:

"Mada: Swali kuhusu vyandarua vya ufuoni, kongamano la Kisumu

Daktari, asante kwa kunijibu jana wakati wa chai. Mimi ndiye mwanafunzi wa Maseno aliyeuliza kuhusu dagaa. Uliniahidi dodoso mlilotumia; ningeshukuru kulipata nikiwa bado naandaa pendekezo langu, ambalo naliwasilisha idarani mwisho wa mwezi. Nitakujulisha nitakavyolitumia."

Mada inamkumbusha, mwili una ombi moja lenye sababu na muda, na mwisho unatoa ahadi ndogo unayoweza kuitimiza. Asipojibu, kumbusha mara moja baada ya siku kumi. Akijibu, timiza ahadi. Mtu anayerudi miezi mitatu baadaye na kusema "nililitumia, na hivi ndivyo lilivyofanya kazi" ni adimu, na huyo ndiye hukumbukwa nafasi ya msaidizi wa utafiti ikitokea.

Tenga pia jioni moja kuwaeleza wenzako darasani ulichosikia. Idara iliyoona faida ya safari ya kwanza huwa rahisi kugharamia ya pili.

Chuo kililipia safari. Wanataka nini nikirudi?

Risiti rasmi ya ada, risiti za malazi na nauli, cheti cha kuhudhuria na ripoti ya ukurasa mmoja au miwili. Matatu nyingi za stejini hazitoi risiti usipoomba, kwa hivyo omba unapolipa, kabla gari halijaondoka. Mara nyingi masurufu, yaani pesa za safari zinazotolewa mapema, huchukuliwa kwa jina la mhadhiri wako. Kanuni za fedha za serikali za 2015 humtaka mtumishi wa umma afunge hesabu ndani ya siku 7 za kazi baada ya kurejea, na akichelewa anaweza kukatwa kwenye mshahara. Mpe karatasi zako siku ya kwanza. Piga picha risiti zote kwanza, maana wino wa zile karatasi laini hufutika zikikaa mfukoni kwenye joto.

Cheti kimeandikwa jina vibaya, au hakijafika.

Andikia sekretarieti ndani ya wiki mbili, ukiambatisha msimbo wa malipo, picha ya beji na jina kama lilivyo kwenye kitambulisho. Kamati nyingi huvunjwa mwezi mmoja baada ya kongamano, na barua pepe yao haisomwi tena.